Chambo bandia cha ngisi katika Ghuba ya Ungwana

Chambo bandia cha ngisi ni sanamu ya kamba iliyochongwa kwa mti au kumiminwa kwa plastiki, ikavishwa kitambaa, ikatiwa risasi chini ya kichwa na shada la ndoano mkiani. Asili yake ni Japani, ambako huitwa egi na bado hupimwa kwa kipimo cha kale: namba 3.5 ina urefu wa sentimeta 10 hivi.

Kilelengwani, kijiji cha eneo bunge la Garsen, kimezungukwa na maji, lakini ngisi hawamo. Ngisi hawezi kudhibiti chumvi mwilini mwake, hivyo maji ya mto humuua. Mtu wa huko anayewataka huteremka Kipini, Mto Tana unapoingia Ghuba ya Ungwana baada ya safari ya kilomita 1,000 hivi. Ghuba hiyo inasifika kwa kamba, na ugomvi wa wavuvi wadogo na meli za kukokota nyavu ulichangia uvuvi wa meli hizo kusimamishwa mwaka 2006. Kamba ni chakula cha ngisi; umbo la chambo, basi, halihitaji kubadilishwa.

Kinachohitaji kubadilishwa ni uzito na weupe. Tana na Sabaki humwaga tope ghubani, hasa baada ya masika, na maji hayo huwasukuma ngisi mbali na midomo ya mito. Kaskazi ikitulia, maji husafika. Macho ya ngisi walio wengi yana aina moja tu ya kemikali ya kunasa mwanga, kwa hiyo hawatambui rangi kama sisi. Ubishi wa waridi au chungwa humfaa zaidi muuza duka. Ngisi huona tofauti ya giza na mwanga: mgongo mweusi juu ya tumbo jeupe, au rangi ing'aayo gizani iliyomulikwa kwanza kwa tochi.

Uzito una utaalamu wake. Ngisi hushika zaidi chambo kinapozama, si kinapovutwa, na chambo cha kawaida cha namba 3.5 huzama mita moja kwa sekunde tatu hivi. Maji ya bamvua yakikimbia, hupeperushwa kabla ya kufika chini. Mvuvi huzungushia waya mwembamba wa risasi puani, mzunguko mmoja mmoja, akihakikisha kwamba kichwa kinaendelea kutangulia. Wakati wa maji mafu risasi hupunguzwa kwa kisu. Jaribio lifanywe katika ndoo ya maji ya bahari. Maji ya mto ni mepesi zaidi, na chambo kilichopimwa humo kitazama polepole zaidi baharini.

Ndoano hazina jino la kuzuia kuchomoka, hivyo mshipi ukilegea ngisi huenda zake. Zinolewe, zilizopinda zinyooshwe. Usiku, chini ya karabai au taa ya betri, chambo hushushwa pale mwanga unapokutana na kivuli, kwa kuwa ngisi huvizia humo dagaa waliofuata taa.

Kitambaa huraruka kwanza nyuma ya kichwa, kwani ngisi akishanasa windo kwa minyiri huliuma kisogoni. Kiraka cha soksi kuukuu na gundi hutosha, ila soksi nene hunywa maji, na chambo lazima kipimwe upya ndooni.