Wauguzi na Mkataba wa Hali Bora: Tangu Enzi za Dresa

Muuguzi anayepangiwa kazi katika kata ya Kimali, wilayani Meatu mkoani Simiyu, huripoti kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Kwenye makaratasi huyo ndiye mwajiri wake, lakini mshahara hauamui yeye. Ngazi za mishahara hupangwa na ofisi ya Rais inayoshughulikia utumishi wa umma, fedha hutoka Hazina, zahanati na hospitali ya wilaya husimamiwa na TAMISEMI, na miongozo ya tiba hutoka Wizara ya Afya. Siku atakapotaka kudai posho ya sare au malimbikizo ya kupanda daraja, hesabu ya fedha haitamsumbua sana. Kitakachomsumbua ni kujua amdai nani.

Swali hilo ni kongwe kuliko Mkoa wa Simiyu, na ni kongwe kuliko Tanzania yenyewe. Ukifuatilia historia ya wauguzi na vyama vyao katika Afrika Mashariki, utakuta kila mara walipokaribia kuweka saini mkataba wa hali bora, mtu waliyepaswa kusaini naye alikuwa amebadilika, au hakuwa na fungu, au alisema mwenye mamlaka ni mwingine.

Tuanzie kwa dresa. Baada ya serikali ya Waingereza kuweka utawala kupitia machifu, kwa sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, zahanati nyingi za vijijini ziliwekwa chini ya hazina za machifu hao. Aliyehudumu pale aliitwa dresa, na mara nyingi alikuwa mwanamume aliyefundishwa kusafisha vidonda na kugawa dawa za magonjwa ya kawaida. Mshahara wake ulitegemea kodi iliyokusanywa na utawala wa eneo lake. Mwenzake katika hospitali ya serikali mjini alilipwa na Idara ya Tiba. Wa tatu alikuwa wa misheni. Katika sehemu hii ya nchi, hospitali ya Kolandoto karibu na Shinyanga, iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1913, ndiyo iliyojulikana zaidi. Huko uuguzi ulifundishwa kama wito, na wito umekuwa hoja rahisi mno mdomoni mwa kila mwajiri asiyetaka kuongeza mshahara. Mpaka leo, kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, hotuba za wageni rasmi husifu sana moyo wa kujitolea.

Kwa hiyo watu watatu waliofanya kazi inayofanana walikuwa na waajiri watatu. Wakulima wa pamba wa Usukuma hawakuwa na tatizo hilo. Wao walimwona kwa macho mfanyabiashara aliyesimama nyuma ya mizani, wakajua wanapunjwa na nani. Waliunda vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Mwaka huohuo, Dar es Salaam, vyama vya wafanyakazi viliunda shirikisho lao, Tanganyika Federation of Labour, katibu mkuu wake akiwa Rashidi Kawawa. Mkulima wa pamba alipata mizani yake mapema. Mhudumu wa hospitali alikuwa bado anatafuta mlango wa kubisha.

Uhuru ulipokuja, matumaini yalikuwa kwamba mwajiri sasa ni ndugu. Ndugu huyo alikuja na sheria. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria iliyoelekeza migogoro ya kazi kwenye usuluhishi wa lazima, na nyingine ya majadiliano katika utumishi wa serikali, ambayo iliwazuia watumishi waliolipwa zaidi ya pauni 702 kwa mwaka kuwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Kisha yakaja maasi ya jeshi ya Januari 1964. Viongozi kadhaa wa vyama walikamatwa, shirikisho likafutwa, na chama kimoja tu, NUTA, kikaundwa kwa sheria. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza alikuwa Michael Kamaliza, ambaye wakati huohuo alikuwa Waziri wa Kazi.

Hebu fikiria muuguzi wa serikali wa wakati ule. Mwajiri wake alikuwa serikali, na msemaji wake mbele ya mwajiri alikuwa waziri wa serikali hiyohiyo. Nisingependa kuwa mkali kupita kiasi, kwa sababu miaka ile ilileta mambo ya maana: sheria ya usalama wa ajira ya 1964 ilimlinda mfanyakazi asifukuzwe ovyo, na baada ya Azimio la Arusha zahanati zilisogezwa vijijini. Lakini majadiliano hayakuwa majadiliano. Kuanzia mwaka 1967 makubaliano ya hiari kati ya chama na mwajiri yalihitaji kupitishwa na Mahakama ya Kudumu ya Kazi, iliyoyapima kwa sera ya mishahara ya taifa.

Kilichobaki mikononi mwa mfanyakazi wa kawaida kilitoka kwenye Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970, ulioanzisha mabaraza ya wafanyakazi. Baraza lilikuwa la kushauri, nalo limedumu kuliko vyama vilivyolizunguka. NUTA ilikufa, JUWATA ikaja na kuondoka, OTTU ikaanza mwaka 1991 na kuvunjika sheria mpya ya vyama ilipoanza kutumika Julai 2000, TUCTA ikazaliwa mwaka uliofuata. Baraza bado lipo.

Katikati ya hayo, mwajiri naye alikuwa anahama. Mwaka 1972, kwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa na watumishi wake wakawa chini ya mkoa. Mwaka 1984 halmashauri zikarudishwa. Muuguzi aliyeanza kazi mwaka 1970 angeweza kukaa kwenye wodi ileile, akitumia meza ileile, na kubadilishiwa mwajiri mara mbili bila yeye kuomba uhamisho.

Vyama vilivyopo leo vimerithi mkanganyiko huo. TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, kinamtaka muuguzi kwa sababu ni mtumishi wa afya. TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, kinamtaka kwa sababu mwajiri wake ni halmashauri. Kisha kuna TANNA, ambacho ni chama cha taaluma na hakijadili mishahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakiruhusu chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kukubaliana na mwajiri ili hata wasio wanachama wakatwe ada, kwa hoja kwamba nao hufaidi matunda ya majadiliano. Ndiyo maana wapo wauguzi wanaokatwa kila mwezi na hawajawahi kuona nakala ya makubaliano yoyote.

Sheria hiyohiyo inataja huduma za afya miongoni mwa huduma muhimu ambazo watumishi wake hawaruhusiwi kugoma. Sina ugomvi na kifungu hicho. Mama aliyeletwa hospitali ya Mwanhuzi, Meatu, kwa pikipiki akiwa na uchungu wa uzazi hawezi kuambiwa asubiri mgomo uishe. Ila anayenyang'anywa mgomo anapaswa kupewa kitu kingine chenye nguvu kama hiyo, na hapo ndipo nchi yetu imelegea. Kwa watumishi wa umma, sheria ya mwaka 2003 iliweka mabaraza ya majadiliano ya pamoja baina ya serikali na vyama. Ni ngazi nzuri kwenye karatasi. Mwananchi wa kawaida hajawahi kusikia kikao chake hata kimoja, lakini anajua nyongeza ilitangazwa wapi Mei Mosi.

Gharama ya ulegevu huo ilionekana mwaka 2012. Mgomo ulianza Januari na madaktari waliokuwa mafunzoni Muhimbili, ukasambaa. Wauguzi hawakuwa waitishaji, ila madai mengi, kama posho ya mazingira hatarishi na bima ya afya, yaliwagusa hata wao. Februari, Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliwasimamisha kazi katibu mkuu wa wizara na mganga mkuu wa serikali. Mei, waziri na naibu wake waliondolewa katika mabadiliko ya baraza la mawaziri. Juni mgomo ukarudi licha ya amri ya mahakama, na kiongozi wa madaktari, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa usiku, akapigwa na kutupwa Mabwepande, pembezoni mwa Dar es Salaam. Machi ya mwaka huohuo, Mkoa wa Simiyu ulitangazwa rasmi, ukiundwa kutokana na wilaya zilizokuwa Shinyanga na sehemu ya Mwanza. Mkoa wetu ulizaliwa sekta ya afya ikiwa imevurugika namna hiyo.

Majirani zetu wa Kenya wao wanaruhusiwa kugoma kwa masharti, na tuangalie walifika wapi. Katiba ya mwaka 2010 ilihamishia huduma nyingi za afya kwenye kaunti 47. Chama cha wauguzi, KNUN, chini ya katibu mkuu Seth Panyako, kikajadiliana na magavana mpaka mkataba ukawa umeandikwa. Tarehe 5 Juni 2017 wauguzi waliacha kazi wakitaka utiwe saini na kusajiliwa mahakamani. Tume ya mishahara, SRC, ikasema haukupitia kwake ipasavyo. Magavana wakasema hawana fedha na wakaitazama serikali kuu. Serikali kuu ikasema afya ni ya kaunti. Wakenya walipiga kura Agosti, wakarudia uchaguzi wa urais Oktoba, na wodi bado zilikuwa tupu. Mgomo uliisha Novemba 2, baada ya siku 150, kwa makubaliano yaliyohusu hasa posho ya huduma ya uuguzi na posho ya sare.

Februari 2019 wauguzi wa kaunti kadhaa waligoma tena, kwa sababu makubaliano ya 2017 hayakuwa yametekelezwa. Siku 150 za wagonjwa kukosa huduma zilizaa karatasi ambayo baadhi ya magavana waliichukulia kama ombi. Anayedhani tiba ya shida zetu ni haki ya kugoma peke yake, aisome historia hiyo mara mbili.

Kwingineko wauguzi wamejifunza kudai kitu tofauti. Uingereza, chama cha Royal College of Nursing kiligoma kitaifa Desemba 2022 kwa mara ya kwanza katika miaka yake 106, na hoja kubwa ilikuwa mshahara. New York, Januari 2023, wauguzi wapatao 7,000 wa hospitali za Mount Sinai na Montefiore waligoma siku tatu. Kilichowarudisha kazini kilikuwa zaidi ya nyongeza ya fedha. Mikataba yao iliweka idadi ya wagonjwa kwa kila muuguzi, na ikaweka mwamuzi anayeweza kumtoza mwajiri fidia akivunja idadi hiyo.

Kwa lugha ya ofisi zetu, wale walijadili ikama. Huko Meatu, ambako muuguzi mmoja anaweza kuwa ndiye mkunga, mchanjaji, mtunza dawa na mwandishi wa taarifa za mwezi, ikama ingepaswa kuwa kifungu cha kwanza cha mazungumzo yoyote. Ukimwongezea posho mtu anayebeba zamu za watu watatu, umemlipa zaidi na kazi imebaki vilevile.

Badala yake, macho yote huelekezwa jukwaani. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliridhia nyongeza ya asilimia 23.3 kwenye kima cha chini. Julai ilipofika, watumishi wengi walifungua hati zao za mishahara wakakuta nyongeza ndogo kuliko walivyotarajia, kwa kuwa asilimia ile haikuwa ya kila ngazi. Manung'uniko yalijaa nchi nzima. Yangetokeaje, kama wanachama wangekuwa wamepelekewa rasimu na kuijadili matawini? Mwaka 2025, Mei Mosi ya Singida, kima cha chini kilitangazwa kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Ni nyongeza kubwa na ya haki. Nayo ilipokelewa kama zawadi, kwa vigelegele.

Tangazo la jukwaani haliwezi kutaja deni la muda wa ziada la muuguzi wa Kimali, wala fedha yake ya uhamisho iliyokwama. Mahali pa madai hayo ni baraza la wafanyakazi la halmashauri, kabla bajeti haijafungwa. Basi, muuguzi unayesoma haya, mtafute mwakilishi wako wa tawi wiki hii. Mwombe muhtasari wa kikao cha mwisho cha baraza na nakala ya makubaliano yoyote yanayohalalisha ada unayokatwa. Andika madai yako kwa tarehe na kiasi, uyakabidhi mapema, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ubaki nayo mwenyewe.