Chatu "Buibui" na Gharama ya Uzuri

Katika nchi za Afrika Magharibi yuko chatu mdogo, mpole, ambaye aogopapo hujiviringa mithili ya mpira na kuficha kichwa chake. Kwa tabia hiyo Wamarekani wakampa jina la mpira. Waingereza humwita chatu wa kifalme. Mjini Ouidah, nchini Benin, nyoka huyu ana hekalu lake, na watu humheshimu.

Ng'ambo heshima hiyo iligeuka biashara. Chatu hawa walisafirishwa kwa wingi kutoka Ghana, Togo na Benin wakafugwe majumbani, na wafugaji wakaanza kutafuta rangi zisizo za kawaida. Mwaka 1999, huko Marekani, alianza kuzalishwa chatu mwenye mistari myembamba myeusi mfano wa utando, naye akaitwa "buibui". Mzazi mmoja akiwa na sifa hiyo, hutarajiwa nusu ya watoto wairithi.

Lakini pamoja na rangi yalikuja maradhi. Nyoka hawa hutikisika kichwa, hupinda shingo, huyumba, na wengine hupinduka chali. Wakirukia windo huweza kulikosa. Wafugaji walibishana miaka mingi. Baadhi yao walishikilia kwamba nyoka anayekula, akakua na kuzaa, hana dhiki. Tangu mwaka 2018 chama cha Uingereza, International Herpetological Society, kilikataza wasiuzwe katika maonyesho yake. Mwaka 2022 uchunguzi wa picha za eksirei ulidhihirisha kwamba sikio lao la ndani, ambalo ndilo mizani ya mwili, limeumbika vibaya.

Kwa maoni yetu, hoja ya kula na kuzaa haitoshi. Mtu mwenye kizunguzungu naye hula na kuzaa, wala hatusemi kwamba ni mzima. Tena, rangi hiyo na maradhi hayo havijaweza kutenganishwa. Hivyo azalishaye rangi huzalisha maradhi, naye ajua. Sheria ya Ujerumani ya kulinda wanyama, kifungu cha 11b, hukataza uzalishaji wa namna hiyo uletao mateso ya kurithi.

Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii twaifundisha kwa habari za watu, nayo yamfaa pia chatu huyu; ila mkakasi hauumwi, chatu huumwa.