Chai ya hazina nane ya China, na maembe ya Tabora

Kaskazini magharibi mwa China kuna chai ya sikukuu iitwayo babao cha, yaani chai ya hazina nane. Wenyewe hasa ni Wahui, Waislamu wa Ningxia, Gansu na maeneo ya jirani. Siku ya Idi au harusini, mgeni akishakaa tu, hiyo ndiyo anayowekewa mbele.

Ndani yake kuna majani ya chai, sukari ya mawe, zabibu kavu, ufuta, longani, goji, maua makavu ya waridi au krisantemu, na tunda jekundu lililokaushwa ambalo ni ndugu wa kunazi zetu. Nane ni jina tu, maana kila nyumba ina mchanganyiko wake.

Hunywewa kwenye bakuli dogo lenye kisahani na kifuniko. Maji ya moto humiminwa mgeni akiona, ajue kwamba hakupewa chai iliyobaki. Kifuniko ndicho kinachosukuma majani pembeni, kisha mtu anakunywa taratibu. Bakuli likipungua linaongezwa maji, na sukari ya mawe inaendelea kuyeyuka kidogo kidogo. Ukitosheka, unamaliza yote na kufunika bakuli kwa kiganja, au unachota lile tunda jekundu na kulila. Hapo mwenyeji anaelewa bila kuambiwa.

Gansu ilikuwa njia ya misafara ya hariri. Tabora nayo ni mji wa misafara. Burton na Speke walipofika Kaze, Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wameshajenga. Stanley, aliyefika 1871, aliandika kwamba Waarabu hao waliletewa viungo kutoka pwani kila mwaka. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na safari ya kutoka Bagamoyo ilichukua karibu miezi 3. Reli ilifika Tabora 1912 tu.

Misafara imekwisha, miembe imebaki. Iko mjini, iko Kwihara kwenye nyumba ya makumbusho ya Livingstone, iko kandokando ya njia ya zamani hadi Ujiji. Msimu ukifika maembe yanakuwa mengi kuliko walaji. Bei inaanguka, na mengine yanaoza chini ya mti. Halafu Idi inakuja na chai ni ileile ya tangawizi, iliki na mdalasini. Tamu, hakuna ubishi, lakini embe halimo.

Embe kavu linaweza kukaa kwenye bakuli la namna hii vizuri kabisa. Shida ni kwamba maembe huiva wakati wa mvua, kwa hiyo kuanika juu ya mkeka ni kubahatisha. Afadhali kikaushio cha jua: fremu ya mbao, wavu chini, nailoni angavu juu, na nafasi ya hewa kupita. Kata vipande vyembamba, vigeuze, viache hadi vipindike bila kutoa maji. Kisha vitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Kikibaki na unyevu kinaota ukungu, na hicho ni cha kutupa.

Kwa kikombe kimoja, weka majani kidogo ya chai, vipande 2 au 3 vya embe, zabibu kavu chache, tende moja, iliki iliyopondwa na maua mawili ya rosela. Mimina maji yanayochemka, funika dakika 5. Asali ya misitu ya miyombo, ambayo Tabora inasifika nayo, iingie mwishoni maji yakiwa yamepoa kidogo, harufu yake isipotee. Maziwa usitie: rosela ni chachu, yatakatika.

Mchina wa Ningxia hataiita babao cha, na ana haki. Ila matunda utayala mwishoni kama anavyoyala yeye.

Mwenye kisukari aangalie: embe kavu, tende, zabibu na asali vyote ni sukari, na kuiita chai hakupunguzi kitu. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe chochote chenye asali. Na anayenunua pakiti ya China yenye goji huku anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza, kwa sababu goji inaweza kuzidisha nguvu ya dawa hiyo na kusababisha kutokwa damu.