Usidanganywe na GB: Historia ya Kadi za Grafiki na Namba za Kwenye Boksi

Leo tunaweka pembeni ubuyu wa mastaa kidogo, tuongelee kitu kinachowatoa vijana wengi pesa kimyakimya: kadi ya grafiki.

Chukua kijana aliyeko Bashay, kule Mbulu, mkoani Manyara. Anapiga video za harusi na kwaya, na sasa anataka kuediti mwenyewe. Kompyuta inakwama kila akiweka madoido. Anajichanga, anatuma hela kwa simu kwa muuzaji wa Arusha au Kariakoo, mzigo unapakiwa kwenye basi. Swali lake ni moja tu: "Ina GB ngapi?" Anajibiwa, "Nne, bosi." Biashara imeisha.

Mzigo ukifika na mambo yakawa yaleyale, kurudisha ni nauli nyingine, na bwana harusi anataka video yake. Sasa huyu kijana siyo mjinga. Namba za kadi hizi zimekuwa zikiwachanganya watu dunia nzima tangu zamani. Twende na historia.

Tulikotoka

Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu, na zuio hilo lilikuja kulegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo mwaka 1981, IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi na kadi ya CGA, huku kwetu wengi hata hawakusikia. Kadi ile ilikuwa na memori ya kilobaiti 16, na kwenye picha za kawaida ilionyesha rangi 4 tu kwa wakati mmoja. Picha moja ya simu yako leo haiingii humo.

Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ikaleta Voodoo, yenye memori ya megabaiti 4. Hiyo ndiyo iliyowafanya wacheza gemu wachanganyikiwe. Ila ilikuwa na kituko: ilijua picha za 3D tu. Ulilazimika kuwa na kadi nyingine ya kazi za kawaida, halafu unaziunganisha kwa waya. Mbili kwa kazi ya moja!

Hapo ndipo mchezo wa majina ulipoanza

Mwaka 1999 Nvidia wakatoa GeForce 256. Wengi wakisikia 256 wanafikiri ni memori. Wapi! Namba hiyo ilihusu mpangilio wa ndani wa chipu. Memori ya kawaida ilikuwa megabaiti 32. Na kadi hiyohiyo ilikuwa na matoleo mawili, moja la memori ya SDR na lingine la DDR. Chipu moja, jina moja, lakini la DDR lilikimbia zaidi kwa sababu data ilipita haraka. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Desemba 2000 3dfx wakasalimu amri, mali zao zikachukuliwa na Nvidia. Mwaka 2002 ikaja GeForce4 MX. Ukisikia 4 unajua imeipita GeForce3, si ndiyo? Hapana. Ndani yake ilikuwa na teknolojia ya ukoo wa GeForce2, na kuna kazi za mwanga na vivuli ambazo GeForce3 iliziweza, yenyewe haikuziweza.

Watu wakasema basi, tusiamini majina, tuamini vipimo. Navyo vikachezewa. Mwaka 2001 iligundulika kuwa draiva ya ATI ilikuwa inalitambua gemu la Quake III kwa jina na kupunguza ubora wa picha ili spidi ipande. Waliobadilisha jina hilo kuwa "Quack" waliona matokeo yakibadilika. Mwaka 2003 Nvidia nao wakashutumiwa na watengenezaji wa kipimo cha 3DMark03 kwa mtindo wa aina hiyo.

Mnafikiri iliishia hapo? GTX 970 ya mwaka 2014 iliuzwa kama ya GB 4. Mwanzoni mwa 2015 ikajulikana kuwa GB 3.5 ndizo za haraka, ile nusu iliyobaki inajikokota. Kesi ikafunguliwa Marekani, na mwaka 2016 wanunuzi wa huko wakakubaliwa fidia ya dola 30 kwa kila kadi. Wa kwetu aliyenunua iliyotumika, pole yake.

Sasa turudi Bashay

Mbulu wanalima vitunguu saumu, kwa hiyo tuelewane kwa lugha hiyo. GB ni ukubwa wa ghala. Viini vya chipu ni vibarua. Upana wa njia ya memori, ule unaoandikwa biti 64 au 128, ni mlango wa ghala, na aina ya memori ndiyo mwendo wa kubeba. Ghala kubwa lenye mlango mwembamba na vibarua wachache, magunia yatalala humo mpaka mnada uishe.

Mfano hai. Kuna GT 730 ya GB 4, memori ya DDR3, njia ya biti 64. Ina viini 384 na inapitisha kama GB 14 kwa sekunde. Kuna GTX 1050 ya GB 2, memori ya GDDR5, njia ya biti 128. Ina viini 640 na inapitisha GB 112 kwa sekunde, karibu mara 8. Mwenye "GB nne, bosi" anaachwa mbali na mwenye mbili!

Hata jina likifanana, uliza. GT 1030 ya GB 2 ipo ya GDDR5, inayopitisha GB 48 kwa sekunde, na ipo ya DDR4 yenye 16.8. GTX 1060 ya GB 3 ina viini 1152, ya GB 6 ina 1280.

GB siyo kitu cha kupuuza. Ukiediti video za 4K, ghala likijaa utaona kompyuta inaganda. Ila GB zinakuja baada ya chipu na aina ya memori.

Kwa hiyo kabla hujatuma hela, omba vitu vinne: jina kamili la kadi, aina ya memori, upana wa njia, na wati. GTX 1050 inakula kama wati 75, kwa kawaida bila waya wa ziada. RTX 4090 inakula 450 peke yake, na kwa anayetegemea sola hilo siyo jambo dogo. Halafu mwambie muuzaji aiwashe na kufungua programu ya bure ya GPU-Z ukiwa naye kwenye simu ya video. Tangu 2018 programu hiyo inaweza kutambua kadi nyingi za Nvidia zilizobadilishwa jina. Akikataa kuiwasha, hela yako ibaki kwenye simu.

Haya mdau, wewe kadi yako ni ipi na ilikufikisha wapi? Tupia hapo chini, na mtumie mshkaji anayejichanga sasa hivi.