Zamu za chakula cha jioni kwenye meli za kitalii

Zamu za chakula cha jioni ni utaratibu wa meli za kitalii wa kugawa abiria katika makundi mawili yanayokula kwa nyakati tofauti katika ukumbi uleule. Utaratibu huu ulirithiwa kutoka meli za abiria za zamani, zikiwemo zile zilizounganisha Ulaya na Bara Hindi na bandari za Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Sababu yake ni uhaba wa nafasi: mara nyingi ukumbi mkuu wa chakula hauna viti vya kuwatosha abiria wote kwa pamoja.

Utaratibu

Zamu ya kwanza huanza karibu saa 12:00 jioni, na ya pili kati ya saa 2:00 na saa 2:45 usiku. Kila abiria hupangiwa zamu na meza kabla ya safari au siku anayopanda melini. Katika mpango wa asili hukaa meza hiyohiyo kila usiku, pamoja na watu walewale, akihudumiwa na mhudumu mmoja na msaidizi wake. Mlo una kitangulizi, chakula kikuu na kitindamlo, na huchukua saa moja na nusu hivi. Baada ya hapo meza husafishwa na kutandikwa upya kwa ajili ya zamu ya pili.

Zamu hazihusu chakula peke yake. Ukumbi wa maonyesho nao huwa hauwatoshi wote, kwa hiyo onyesho hufanywa mara mbili: wakati zamu moja inakula, nyingine inaburudishwa. Anayechelewa mezani huvuruga jiko, ambalo hupika mamia ya sahani za aina moja kwa wakati mmoja.

Familia zenye watoto na wazee wengi huchagua zamu ya kwanza. Ya pili huwafaa waliotembea nchi kavu mchana kutwa. Meli inayotia nanga Zanzibar, kwa mfano, hupokea jioni wageni wanaotoka Mji Mkongwe au mashamba ya viungo, na kwa wengi wao saa 12:00 ni mapema mno.

Saa ya kwenye kadi

Kadi ya abiria huandikwa kwa saa za kimataifa, 18:00 au 6:00. Hapo pana mtego kwa msemaji wa Kiswahili, kwa kuwa 6:00 ya kadi ni saa 12 jioni yake, na 8:30 ya usiku ni saa 2:30. Tena kuna saa ya meli yenyewe. Shelisheli, Morisi na Reunion zinatangulia Tanzania, Kenya, Komoro na Madagaska kwa saa moja, hivyo meli inayotoka Shelisheli kwenda Mombasa hurudisha saa nyuma njiani, kwa kawaida usiku.

Kwa Waislamu saa ya zamu ina uzito wake. Karibu na ikweta jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni karibu mwaka mzima, kwa hiyo zamu ya kwanza hugongana na magharibi. Wakati wa Ramadhani anayefunga hupata nafuu katika zamu ya pili, baada ya kufuturu kwa tende na maji na kuswali. Chakula halali ni vyema kiombwe mapema wakati wa kukata tiketi, kwa sababu vyakula hupakiwa bandarini kabla ya safari.

Historia

Katika meli za abiria za mwanzo wa karne ya 20 kula kwa zamu kulikuwa pia alama ya daraja. Meli ya Titanic iliyozama mwaka 1912 ndiyo mfano unaoonyesha jambo hili vizuri. Ukumbi wa daraja la kwanza ulikuwa na viti zaidi ya 500, vingi kuliko abiria wa daraja hilo. Daraja la tatu lilikuwa na abiria 700 hivi kwa viti 473. Matajiri wangeweza kula wote pamoja, ilhali maskini walisubiriana.

Afrika Mashariki ilihudumiwa na kampuni kadhaa. Kampuni ya Kijerumani ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, iliyoanzishwa mwaka 1890, iliziita baadhi ya meli zake majina ya huku. Mojawapo ilikuwa Usaramo, iliyojengwa Hamburg baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Jina hilo ni la Uzaramo, nchi ya Wazaramo, ambamo kata ya Msimbu na sehemu kubwa ya wilaya ya Kisarawe zimo. Baadaye meli hiyo ilijulikana zaidi kwa kupeleka wanajeshi wa Kijerumani Hispania mwaka 1936 kuliko kwa safari zake za Afrika.

Meli za kampuni ya British India zilizosafiri kati ya Bombay na Afrika Mashariki, kama vile Karanja na Kampala, zilikuwa na abiria wa vyumbani na abiria wengi wa sitahani. Hawa wa sitahani walipikiwa katika majiko mawili, la Wahindu na la Waislamu.

Meli nyingine ya kampuni hiyo, Uganda ya mwaka 1952, ilikuwa ikitoka London kuja Afrika Mashariki hadi safari za ndege zilipochukua abiria wake. Mwaka 1968 ilianza kazi mpya ya kutembeza wanafunzi. Hao walilala katika mabweni na kula katika bwalo lao, huku abiria wa vyumbani wakiwa na ukumbi tofauti.

Mabadiliko

Mwaka 1998 meli ya Disney Magic ilileta mtindo wa kuhamisha wageni: kila usiku hula katika ukumbi mwingine, na wahudumu wao huhama nao. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line iliacha zamu na kuwaruhusu abiria wale saa wanayotaka. Kampuni nyingine kubwa zilifuata kwa kuweka njia zote mbili. Uhuru huo una gharama yake, yaani foleni mlangoni saa ambazo kila mtu ana njaa. Meli kama Icon of the Seas ya mwaka 2024, inayoweza kubeba abiria zaidi ya 7,000, hupunguza msongamano kwa kuwa na migahawa mingi na bafe.

Daraja nalo halijafutika. Katika Queen Mary 2, abiria wa vyumba vya bei kubwa wana kumbi zao na hula wapendapo ndani ya saa za huduma, wakati ukumbi mkuu wa Britannia umejulikana kwa zamu mbili. Meli ndogo za utalii zenye abiria wasiozidi mia mbili hivi hazina haja ya zamu, kwani wote hukaa pamoja.

Wahudumu

Mhudumu huzitumikia zamu zote mbili. Aliyeanza na kifungua kinywa alfajiri anaweza kumaliza zamu ya pili karibu saa 5 usiku, kisha akatandika meza za kesho. Mapumziko yake huwa mchana, kati ya mlo na mlo. Katika kampuni nyingi sehemu kubwa ya kipato chake ni bahashishi, na hapo meza ya kudumu ina faida, maana mgeni humfahamu aliyemhudumia wiki nzima. Mtindo wa kula wakati wowote ulidhoofisha uhusiano huo, na kampuni nyingi hukata bahashishi moja kwa moja kwenye hesabu ya abiria na kuigawa kwa wafanyakazi.

Mkataba wa Kazi za Baharini, uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2013, unataka baharia apate walau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, na saa 77 kwa siku saba. Saa hizo 10 zinaweza kugawanywa mara mbili tu, na sehemu mojawapo isipungue saa 6 mfululizo. Wahudumu wa meza wanahesabiwa kuwa mabaharia chini ya mkataba huo. Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019.