Onyesho Zamishi: Hadhira Inapoingizwa Ndani

Kuna aina ya sanaa za maonyesho ambayo kwa Kiingereza huitwa immersive theatre. Hapo hamna jukwaa upande huu na viti upande ule. Unaingia mahali penyewe mambo yanapotendeka, unatembea, unachagua wa kumfuata, nao waigizaji wanapita katikati yenu, mara nyingi bila kutamka neno. Kundi la Punchdrunk, lililoanzishwa Uingereza mwaka 2000 na Felix Barrett, ndilo lililoisambaza sana. Onyesho lao la Sleep No More, lililochezwa New York kuanzia 2011 hadi mwanzoni mwa 2025, lilichukua kisa cha Macbeth cha Shakespeare likakitawanya katika vyumba vya jengo la ghorofa kadhaa, na mazungumzo karibu yote yakaachwa. Kila aliyeingia alivaa kinyago cheupe na kukatazwa kuzungumza.

Sisi tuiiteje? Swali hili lilinibana Sydney, mji wenye majengo yanayoialika sanaa ya namna hii. Carriageworks, pale Eveleigh karibu na stesheni ya Redfern, ilikuwa karakana ya mabehewa ya reli tangu miaka ya 1880. Mwaka 2007 ikafunguliwa kuwa kituo cha sanaa, nguzo zake za chuma na kuta za matofali zikabaki. Hata nje ya majengo sanaa hiyo ina nafasi: Januari 2022, katika tamasha la Sydney Festival, kundi la Legs On The Wall lilining'iniza pande kubwa la barafu juu ya maji ya bandari, na mwigizaji akawa juu yake huku likiyeyuka. Watu waliokuwa na safari zao wakajikuta wamekuwa hadhira.

Rafiki yangu, mcheza dansi aliyekulia Tanga, alikuwa mmoja wa waigizaji wa onyesho la aina hii katika ghala moja mjini humo. Alinipitia hatua moja tu. Niliona unga wa chaki ulioganda kwenye mikunjo ya viganja vyake, nikaona jasho likimchuruzika nyuma ya sikio. Kwetu, kupishana na rafiki bila salamu ni jambo la watu kuulizana mmegombana lini. Yeye alinitazama usoni kama anayetazama nguzo, kisha akaikwea nguzo yenyewe.

Wengi wangelichagua neno shirikishi, na wana sababu. Katika fasihi simulizi fanani akisema paukwa, hadhira hujibu pakawa. Kwenye taarabu shabiki huinuka na noti mkononi, akacheza taratibu hadi mbele kumtunza mwimbaji. Kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wenyewe waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, baada ya kuijadili na kuirekebisha pamoja nao. Huko ndiko kushiriki: una cha kutoa, na usipokitoa onyesho linapungua. Mle ghalani sikuwa na cha kutoa. Ningekwenda kushoto au kulia, mchezo ungeendelea vilevile. Nilikuwa ndani, lakini sikuwa mshiriki.

Kitenzi kinachofaa ni kuzama, ila kina mitego. Kuzamia kumekwisha kuchukuliwa: mzamiaji ni yule anayejificha melini avuke kwenda ng'ambo, au anayeingia kwenye sherehe asiyoalikwa. Kuzamisha nako kunaleta picha ya chombo kinachokwenda chini. Hata hivyo tunasema mtu amezama kwenye kitabu, amezama katika mawazo, na hakuna anayemkimbilia kumwokoa. Ikiwa kushirikisha kumetupa shirikishi na kujumuisha kukatupa jumuishi, basi kuzamisha kutupe zamishi. Nami nasema onyesho zamishi, si tamthilia zamishi. Tamthilia kwa msomi ni mchezo ulioandikwa, na kwa mtu wa mtaani ni ule mfululizo wa Kituruki kwenye runinga. Vyote viwili vinategemea maneno.

Kuhusu kukosa maneno, vitabu vyetu vina maigizo bubu. Mimi nalikwepa. Bubu ni jina la mtu, na watu wengi wanaoitwa hivyo wana lugha kamili ya alama. Haifai hali yao igeuzwe jina la uamuzi wa kisanaa. Kimya pia hakifai, kwa maana usiku ule ngoma zilitikisa sakafu mpaka nikazisikia kwenye magoti. Tuseme tu bila maneno.

Tusidhani, kwa sababu neno linatafutwa leo, kwamba jambo lenyewe ni geni kwetu. Katika mapiko ya Wamakonde, kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, mchezaji aliyefunikwa kichwa kizima kwa kinyago cha mti huwaendea watu, huwatisha, huwafukuza, nao hukimbia na kurudi. Kinachonivutia ni kwamba Punchdrunk wameupindua mpango huo. Kwenye mapiko mchezaji ndiye asiyepaswa kutambulika, na watu wako uso wazi. New York mchezaji aliacha uso wazi, waliokuja kutazama wakafichwa. Kinyago kinamlinda anayekivaa dhidi ya kuulizwa wewe nani. Kimehama kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kazi yake ikabaki ileile.

Jina la hao wanaoingia tunalo tayari, na ni bora kuliko mtazamaji au msikilizaji. Hadhira ina asili moja ya Kiarabu na hudhuria na hadhara. Halidai macho wala masikio. Linadai uwepo tu, na hicho ndicho onyesho zamishi linachokuomba mlangoni. Mmoja wao tumwite mwanahadhira, kama wanavyofanya baadhi ya walimu wa fasihi. Siku vijana wa chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo watakapotengeneza onyesho la namna hii, bango lao linaweza kuandikwa hivi: Onyesho zamishi, bila maneno. Hadhira hutembea, njooni na viatu vya kufunga.