Mgeni na Mtalii katika Mji wa Malindi

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Usemi huu hutajwa kila pahali, lakini ni miji michache ya pwani yetu iliyoujaribu kwa muda mrefu kama Malindi. Katika makala hii nakusudia kueleza jinsi wageni wa mji huo walivyobadilika, na kuuliza katika kila zama ni nani aliyejifunza lugha ya mwenziwe. Maana naona kuwa swali hilo ni kipimo kimoja cha kujua kama mwenyeji amepona kweli.

Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498, akitoka Mombasa ambako hakupokewa kwa wema. Mtawala wa Malindi alimkaribisha, akampa rubani wa kumvusha mpaka Calicut. Huo haukuwa ukarimu mtupu, kwani miji hiyo miwili ilikuwa ikishindana, na Malindi ilitafuta mwenzi mwenye nguvu. Nguzo ya Wareno ingali imesimama juu ya rasi. Faida, hata hivyo, haikudumu. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, makao yao yalihamia Mombasa, mtawala wa Malindi naye akahamia huko, na mji aliouacha ukadhoofika. Haukuinuka tena mpaka miaka ya 1860, chini ya masultani wa Unguja, kwa mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa. Hao nao walikuwa wageni, ila hawakuja kwa hiari. Na lugha waliyoishika mjini wakawaachia watoto wao ilikuwa Kiswahili.

Utalii kwa maana ya leo ulianza katika miaka ya 1930. Masetla wa nyanda za juu walishuka kupunga upepo na kuvua samaki wakubwa, na hoteli kama Lawford's zikajengwa kwa ajili yao. Ernest Hemingway alikuwa miongoni mwa waliokuja kuvua mwaka 1934. Wageni hao waliwaagiza watumishi kwa Kiswahili kilichopunguzwa viambishi, ambacho wataalamu wamekiita Kisetla. Kilikuwa Kiswahili cha amri, kisicho na heshima. Lakini hata bwana mwenye hoteli aliona hana budi kukitumia.

Baada ya uhuru wa 1963 mambo yaligeuka. Ndege za kukodiwa zilianza kuwaleta Wazungu moja kwa moja kutoka Ulaya, na mwaka 1968 sehemu za bahari ya Malindi na Watamu zilifanywa hifadhi. Kadhalika Waitaliano walikuwa wamejenga kituo cha San Marco huko Ngomeni, ambako setilaiti ilirushwa Aprili 1967. Katika miaka iliyofuata wenzao wengi walikuja, wakajenga nyumba, hoteli na mikahawa. Vijana wa Malindi walijifunza Kiitaliano mchangani, pasipo mwalimu wala kitabu, na wengi wakakisema kwa ufasaha. Wazee husema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Mgeni huyu hakupewa jembe, bali mwenyeji ndiye aliyelishika, na lugha ya mgeni ikawa ndilo jembe lenyewe.

Neno "mtalii" lina ushahidi wake hapa. Kitenzi "talii", chenye asili ya Kiarabu, kilihusu kusoma na kuchunguza jambo kwa makini; mtalii alikuwa mchunguzi. Katika biashara ya hoteli maana hiyo ilififia, na vinywani mwa watu mtalii akawa Mzungu aliyekuja kupumzika. Ndiyo sababu Mkenya alipoanza kusafiri kwa starehe ilibidi neno liongezwe, akaitwa "mtalii wa ndani", kana kwamba mtalii bila nyongeza hawezi kuwa mwananchi.

Sasa huyo wa ndani amekuwa tegemeo. Baada ya mashambulio ya 2013 na 2014 nchini Kenya, serikali za Ulaya ziliwaonya watu wao, na ugonjwa wa 2020 ukasimamisha ndege. Katika nyakati hizo ilidhihirika kwamba ufasaha wa Kiitaliano haumlishi mtu iwapo Mwitaliano hakuja. Reli mpya ya Nairobi na Mombasa, iliyofunguliwa 2017, imempunguzia safari mgeni wa bara; naye hahitaji mkalimani.

Mimi sisemi kwamba kujifunza lugha ya mgeni ni hasara. Kijana aliyejipatia lugha mchangani ana akili ya kusifiwa. Lakini mji uliowahi kuachwa na Wareno wapaswa kujua kuwa mgeni huondoka, na lugha yake huondoka naye. Mtalii wa ndani amekuja na Kiswahili chake, kiwe cha Nairobi au cha Kisumu. Kazi iliyobaki ni kumpokea kwa lugha hiyo kwa heshima ile ile aliyopewa wa mbali, na kumwita mtalii bila ya kuongeza neno.